Fides ni Mtundu

Kwenye kompyuta ya steshenari yangu kuna faili linaitwa MWENENDO. Lina aya moja tu: "Namfahamu mtajwa kwa muda mrefu. Ni mwadilifu, mwaminifu, mtiifu, mchapakazi, na hajawahi kuwa na dosari yoyote ya kitabia." Mteja akija nafuta jina la mteja wa jana, naandika la kwake, natoa karatasi. Nina miaka kumi na miwili hapa Tunduma, mtaa wa nyuma ya maegesho ya malori, na kwa barua hizo mji mzima una tabia moja. Nimemwandikia mwinjilisti wa kanisa letu. Nimemwandikia pia jamaa aliyekamatwa wiki ileile akikata maturubai ya malori yaliyopanga foleni kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Wote hawana dosari, na hakuna ofisi iliyowahi kukataa karatasi yangu.

Iliyokataliwa ni moja, na hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ya kweli. Watu wananiambia Jenista, achana nayo, yamepita. Siachani nayo.

Mwenye barua hiyo ni Roda Nzunda, ambaye sisi mtaani tunamwita Mama Osea, mwenye mashine ya kusaga nafaka milango miwili kutoka kwangu. Alikuja Tunduma akiwa bi harusi kutoka Igamba, kwenye kahawa na baridi. Mume alinunua mashine, akafariki kabla haijamaliza miaka mitatu. Ndugu wakakaa kikao wakamshauri aiuze, kwamba mashine si chombo cha mwanamke. Aliwapa chai, akawasindikiza mpaka barabarani, akarudi kuwasha injini. Hiyo ni miaka ishirini na saba iliyopita.

Ukimwona mchana huwezi kujua umri wake, kwa sababu unga umemjaa mpaka kwenye kope. Anaongea kwa sauti kubwa hata msibani, maana kazoea kushindana na mashine. Ukishasagiwa anazima, anafungua chini, anakung'uta unga uliobaki ndani na kukumwagia kwenye ndoo yako. Mashine nyingine unga huo ni wa mwenye mashine, na mwisho wa siku unajaza gunia. Akina mama wa Nakonde huvuka mpaka na mahindi yao kichwani, wanapita mashine nne njiani ili wafike kwake. Wanamwita bamayo, kama wanavyoita mama zao kwa Kibemba.

Tatizo lake ni moja: hajui kusifu. Au niseme hajui kusifu kama sisi tunavyosifu. Kwenye kicheni pati ya mpwa wangu alipewa kipaza sauti amwelezee bibi harusi, akasema, "Binti huyu anapika vizuri, ana huruma na wagonjwa, ila hafagii nyuma ya mlango." Ukumbi mzima ulishika mdomo. Bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka vipodozi vikaharibika, kwa sababu ni kweli hafagii.

Sasa Fides. Fides alianza kufika pale mashineni akiwa na miaka kumi na minne, kufagia. Mama yake mzazi alikuwa anauza ndizi stendi, baadaye akahamia kwa dada yake Kamsamba kulima mpunga, Fides akabaki na Mama Osea. Ni mtundu. Na hapa lazima nieleze neno hili, kwa sababu ndilo lililotufikisha pabaya. Mwalimu akisema mtoto wako ni mtundu, unarudi nyumbani unatafuta fimbo. Fundi akisema kijana wake ni mtundu, ujue anamsifu: ana mikono inayotaka kujua kilichomo ndani ya kitu. Fides alikuwa mtundu kwa maana zote mbili, na huwezi kuzitenganisha. Akiwa na miaka kumi na sita, Mama Osea alikwenda kuzika Igamba, na aliporudi alikuta mashine imelala vipande vipande juu ya viroba, kila nati kwenye kifuniko chake cha soda. Alimzaba kofi. Siku tatu hatukusaga. Siku ya nne mashine iliunganishwa, na mlio mbaya iliokuwa nao tangu mume yuko hai haukusikika tena. Mama Osea hakuomba radhi wala hakushukuru. Alimpa ufunguo wa mlango.

Mwaka jana zilifunguliwa mashine mpya za umeme barabara kubwa, zinazokoboa na kufunga unga kwenye mifuko yenye picha. Wateja wakapungua. Mama Osea alianza kuwasha saa nne badala ya saa kumi na mbili, na siku nyingine Fides alishinda amekaa. Hapo ndipo kiwanda kimoja cha unga, nje kidogo ya mji, kilipotangaza nafasi ya fundi msaidizi wa mitambo. Fides alikuwa na cheti cha ufundi cha miezi sita na mikono yake. Asipopata, alikuwa anakwenda Kamsamba kwa mama yake kufukuza ndege kwenye mpunga, kwenye lile joto. Alishakwenda msimu mmoja, akarudi na malaria na kimya ambacho hakikuwa chake. Mikono ile kwenda kurusha mawe kwa ndege, niliwaza, nikachukia kabla halijatokea.

Kiwanda kilitaka barua ya mwenendo kutoka kwa mtu aliyemfahamu mwombaji si chini ya miaka mitano. Mama Osea akaja dukani, akafuta mikono kwenye kanga, akakaa. Nikafungua MWENENDO, nikabadilisha jina, nikamsomea.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Fides, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Huyo simfahamu," akasema. "Fides hana dosari? Nani kakwambia? Futa hayo, uandike ninayosema mimi."

Nilijaribu kumweleza kwamba ofisi zina lugha yake. Akaniambia ofisi zina watu, na watu wanaelewa. Basi nikaandika, neno kwa neno. Nakala ninayo, naiweka hapa yote.

"Mimi Roda Nzunda namfahamu Fides miaka kumi. Alikuja kwangu kufagia. Ni mtundu. Mashine yangu aliifungua bila ruhusa nikiwa msibani, nikampiga kofi, lakini yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Akisikia mashine inalia vibaya hatasubiri mtu, ataifungua. Ana mdomo, ukikosea atakwambia mbele za watu. Asubuhi asiongeleshwe sana. Kwa miaka kumi sijafunga kitu changu kwa ajili yake. Unga wa mtu ni wa mtu, hilo sikumfundisha, alikuja nalo. Nikifa, mashine ningemwachia yeye kabla ya mwanangu Osea, na Osea analijua hilo. Mkimchukua mtakuwa mmenikata mkono, lakini mchukueni."

Akasaini kwa herufi kubwa, akaondoka. Nilibaki naiangalia ile karatasi. Katika miaka kumi na miwili ya kuandikia watu barua, nilikuwa sijawahi kumwona mtu ndani ya barua.

Siku ya tatu Fides alirudi kutoka kiwandani akiwa amekunja uso. Afisa utumishi, kijana nadhifu anayeitwa Emanueli, alimwita ofisini akamsomea mistari minne ya kwanza, hakuendelea. Akamwambia, "Dada, mtu wako mwenyewe anakuita mtundu, unafungua vitu vya watu bila ruhusa, una mdomo. Hapa hatuajiri watundu. Lete barua ya kawaida, kama za wenzako. Mwisho Ijumaa." Kisha akaitoboa ile ya Mama Osea, akaipachika kwenye faili, maana kila karatasi lazima ihifadhiwe.

Kama za wenzako. Za wenzake nilizitoa mimi, hapa, kwenye mashine hii hii ya kuchapia, nane kwa mchana mmoja. Nilijua mmoja wao alifukuzwa ghalani kwa kuuza magunia ya tajiri wake. Huyo hakuulizwa kitu. Aliyeulizwa ni binti aliyepata bahati mbaya ya kuandikwa na mtu anayemjua. Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Hasira nilizokuwa nazo zingeweza kusaga gunia zima.

"Usimwambie Mama," Fides akasema. "Ataumia."

Na hasira ikanifanya nitende jambo ambalo silitetei. Nilifungua MWENENDO, nikaweka jina la Fides, nikaenda nayo mashineni. Mama Osea alikuwa anamimina mahindi kwenye mdomo wa mashine, miwani yake iko ndani kwenye mkoba.

"Mama, weka saini hapa. Ile ya kwanza imeingia maji."

Akapangusa vidole, akasaini juu ya ndoo. Hakuuliza. Angeuliza nini? Nimekuwa jirani yake miaka kumi na miwili. Fides alikuwa amesimama kando akiangalia mkanda wa mashine, na hakuinua macho mpaka nilipoondoka.

Kazi akapata. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, alikuwa anapita asubuhi na ovaroli ya buluu, kitambulisho kifuani, na Jumapili baada ya ibada alikuja kukaza mkanda wa Mama Osea. Nilianza kusahau nilichofanya. Nilianza hata kujisifu moyoni.

Alhamisi moja Emanueli akampigia simu Mama Osea. Mtu uliyemwandikia barua ana shauri, njoo ofisini. Mama Osea akazima mashine, akaja kwangu.

"Funga duka twende wote, Jenista. Wewe unajua maneno ya ofisi."

Ndani ya bajaji nilitafuta pa kuanzia njia nzima. Kila nilipofungua mdomo tulikuwa tunapishana na lori. Ndivyo nilivyojidanganya, kwamba ni malori.

Ofisini tulimkuta Fides amesimama, ovaroli imejaa grisi, mkono umefungwa kitambaa. Msimamizi wa zamu, mtu mnene aitwaye Luka, alikuwa amekaa pembeni. Emanueli akaeleza. Asubuhi ile Fides alidai mashine ya pili inalia vibaya. Alimwambia Luka mara mbili. Luka akamjibu wasubiri fundi mkuu, aliyekwenda Mbeya, arudi kesho. Fides akaizima mwenyewe, akafungua kifuniko, uzalishaji ukasimama saa mbili nzima.

"Na ulikuta nini?" Mama Osea akamuuliza Fides, kana kwamba wako wawili tu mle ndani.

"Beringi ya kushoto imeliwa, Mama. Imebaki maganda. Kabla sijaibadilisha wakanileta hapa."

"Mama, hapa hatuzungumzii beringi," Emanueli akasema. "Tunazungumzia nidhamu." Akafungua faili, akasoma barua yangu, mwadilifu, mwaminifu, mtiifu, hajawahi kuwa na dosari. Akaishusha. "Hii ni saini yako. Sasa sisi si watu wabaya. Ukithibitisha kwamba ndivyo ulivyoandika, kwamba kweli ni mtiifu, tutalihesabu hili kuwa kosa la kwanza. Tunampa onyo, anarudi kazini leo hii."

Neno moja tu lilihitajika. Nilimwomba Mungu, kimya kimya, yule mama aseme ndiyo. Fides naye alikuwa anamwangalia hivyo hivyo.

Mama Osea akatoa miwani. Akasoma polepole, kidole chini ya mstari, kama anavyosoma Biblia. Alipomaliza akavua miwani, akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira, na afadhali angenitazama kwa hasira.

"Saini ni yangu," akasema. "Maneno si yangu. Yangu iko wapi?"

Emanueli akapekua. Ilikuwepo, karatasi ya chini kabisa, na matundu yake mawili.

"Isome."

"Mama, hii ilikataliwa."

"Isome, baba."

Akaisoma. Safari hii alifika mwisho, kwa sababu Mama Osea alikuwa amesimama karibu na bega lake. Alipofika kwenye "akisikia mashine inalia vibaya hatasubiri mtu, ataifungua," Luka akaanza kutazama viatu vyake.

"Hiyo ni ya mwezi wa sita," Mama Osea akasema. "Nilikwambia atafanya nini, na amefanya hicho. Sasa mnamshitaki kwa lipi?"

Nilidhani yameisha. Kumbe simjui mtu wa faili. Emanueli akapanga zile karatasi mbili zikalingana pembe, akasema kwamba barua zinapingana, kwamba moja ni ya uongo, na mfanyakazi aliyeingia kwa barua ya uongo hana ajira. Akauliza nani aliandika hii ya pili.

"Mimi," nikasema. "Na wewe ndiye uliyeitaka. Ulimwambia alete kama za wenzake. Za wenzake nimeziandika mimi. Fungua hilo kabati tuzisome zote, neno ni lile lile, koma ni ile ile. Huyu mliambiwa ukweli wake mkamkataa, mkaletewa uongo mkampokea, leo mnamfukuza kwa uongo mliouagiza."

"Hizo nyingine hazina malalamiko," akasema Emanueli, na akaongeza kwamba kuandika barua kwa jina la mtu ni jambo la polisi. Akamgeukia Mama Osea. "Huyu mwanamke unamfahamu vipi? Ni mtu wa namna gani?"

Swali lile lile, sasa ni juu yangu.

"Ni jirani yangu," Mama Osea akasema. "Mdogo wa marehemu mume wangu alipougua, huyu ndiye aliyelala hospitali siku tisa. Ana hasira, hajui kusubiri. Asipokupenda atakwambia ukweli. Akikupenda atakudanganya. Mimi alinidanganya mwezi wa sita, nimejua leo, nitamsema nyumbani. Polisi hapana." Akagonga faili kwa kidole. "Kama unaandika, andika hivyo hivyo."

Hakuandika. Ila polisi hakuwataja tena. Akamwambia Fides arudishe kitambulisho na ovaroli, aondoke. Fides akavua, akabaki na gauni lake la kitenge, akazikunja nguo zile vizuri kuliko zilivyostahili. Akamwambia Luka, "Ile ya pili msiiwashe. Lucky anasimama upande wa kushoto, ndiye anayefunga mifuko pale."

"Hayo si yako tena," Emanueli akajibu.

Kwenye korido Fides akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ungesema ndiyo tu, Mama. Neno moja. Sasa nakwenda Kamsamba."

"Najua," Mama Osea akasema. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

Tulifika getini. Mlinzi alikuwa anatuandika kwenye daftari muda wa kutoka, Mama Osea ameketi kwenye benchi lake kupumzisha miguu, pale sauti ilipoanza ndani. Kwanza mlio wa kawaida wa mashine inayopanda. Kisha kitu kama mtu anayesaga meno.

Fides akageuka. "Wameiwasha."

Akarudi mbio. Mlinzi akamzuia kwa mkono. "Dada, kitambulisho."

"Lucky yuko pale. Nenda kawaambie wazime, nenda wewe."

"Siwezi kuacha geti. Kitambulisho kiko wapi?"

Mlio ukaongezeka. Nilikuwa sijui lolote la mashine, na hata mimi nilijua. Fides akatazama kushoto, kulia. Pembeni ya kibanda cha mlinzi, ukutani chini ya nguzo ya umeme, kulikuwa na sanduku la chuma lenye alama ya fuvu. Nilimwona anavyoliangalia. Akapita chini ya kwapa la mlinzi, akalifungua, akashika mkono mwekundu wa swichi kuu kwa mikono miwili, akauvuta chini.

Kiwanda chote kikazima. Mashine, mataa, feni za ofisini, vyote. Ile ya pili iliendelea kuzunguka yenyewe ikipungua, tukasikia chuma kizito kikianguka kwenye sakafu na watu wakipiga kelele. Kisha Lucky akatoka mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, mweupe kwa unga, ameshika sikio. Akakaa chini kwenye jua. Alikuwa mzima.

Emanueli alikuja anakimbia, faili bado mkononi, Luka nyuma yake. Hakumtazama Lucky. Alimtazama Fides, aliyekuwa bado ameshika ule mkono mwekundu.

"Nani amekuruhusu?" akauliza. "Nani amekuruhusu kufungua hapo?"

Aliyejibu ni Mama Osea, kutoka kwenye benchi, kwa sauti yake ya kushindana na mashine ingawa hapakuwa na mashine yoyote inayolia.

"Mimi niliwaandikia."